Somo: Kuifumua 720,720 bila kikokotoo

Wengi wakipewa namba ya tarakimu sita huanza kugawa kwa 2, tena kwa 2, ngazi ikashuka mpaka ukingo wa daftari. Hii haitaki jasho hilo. Itazame kwanza.

Hatua ya 1. Tarakimu zinajirudia: 720, kisha 720 tena. Yaani 720,000 + 720, sawa na 720 × 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Hilo likariri kabisa, maana namba yoyote ya mtindo huo, iwe 358,358 au 914,914, inagawanyika kwa 7, 11 na 13.

Hatua ya 2. 720 ni 72 × 10, yaani 8 × 9 × 2 × 5. Basi:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Hatua ya 3. Idadi ya vigawo, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza. Hapa ndipo watu hukariri kanuni bila kujua ilikotoka, kwa hiyo twende polepole. Kila kigawo unakijenga kwa kuchota kwenye mstari huo wa juu. 2 ziko nne: unachota zote, tatu, mbili, moja, au unaziacha. Njia tano. 3 ziko mbili: njia tatu. 5, 7, 11 na 13, kila moja unaichukua au unaiacha. Zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Mimi nikichota 2 tatu, 3 moja na 7, napata 168. Zilizobaki kapuni zinafanya 4,290, na 168 × 4,290 inakurudisha ulikotoka.

Chini ya 720,720 hakuna namba hata moja yenye vigawo 240. Ramanujan, mwanahisabati wa India, alichapisha utafiti wake kuhusu namba za jamii hii, zenye vigawo vingi kuliko kila namba iliyo chini yake, mwaka 1915.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Vigawo witiri ni vingapi?
Marahaba. Usiguse 2 hata moja: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 48.

– Ni mraba kamili?
Hapana. Kwenye mraba vipeo vyote ni shufwa, na hapa 5 iko peke yake, vivyo hivyo 7, 11 na 13. Izidishe kwa 5,005 uwape wenza, utapata mraba wa 60,060.

– Nimesikia inagawanyika kwa 1 hadi 16 zote. Si ningezidisha tu 1 × 2 × 3 mpaka 16?
Ungefika 20,922,789,888,000! Tunatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote, ndugu. Ukishakuwa na 16, basi 2, 4 na 8 zimo humo humo, usizilipie tena.

– Na 17?
Inabakiza 5. Ukiitaka, zidisha kwa 17 upate 12,252,240. Hiyo inagawanyika hadi 18, kwa sababu 2 na 9 zilikuwamo tangu mwanzo.