SOMO: Gemu zito haliui PlayStation 4 (PS4). Soma hapa kabla hujaniletea mashine

Wakuu, nimechoka. Wiki haipiti bila mtu kuniletea mashine iliyozima na maneno ni yaleyale: "Fundi, dogo kaweka God of War, ikaungua." Juzi kaja mzee mmoja na diski mkononi, anauliza kama aliyemuuzia hiyo diski anatakiwa amlipe PS. Nikaona niandike mara moja, kuanzia leo mtu akiniuliza namtumia hapa.

Mimi nina kibanda cha mashine nne hapa Morogoro, zote PS4 za kwanza, zile nene, na zinapiga kazi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tatu usiku. Pembeni natengeneza za watu. Kwa hiyo sizungumzii nadharia.

Gemu ni maagizo tu. Haliwezi kuilazimisha chipu ya PS4 ikimbie kuliko kasi aliyoipanga mtengenezaji. Ndani kuna kipimo cha joto: likipanda, feni inaongeza mwendo, likizidi, unaonywa kwenye skrini, ukikaidi, mashine inajizima yenyewe. Mashine inayokufa katikati ya gemu zito ilikuwa mgonjwa siku nyingi. Mwenye kifua kibovu akitembea tambarare hajijui, mpandishe mlima wa Uluguru ndiyo utamwona. Sasa fanyeni hivi.

Hatua ya 1. Izime kabisa na uchomoe ukutani. Taa ya rangi ya chungwa maana yake imelala, haijazima.

Hatua ya 2. Itoe ilipo. Ndani ya kabati la TV, juu ya king'amuzi, chini ya kitambaa cha kufuma cha mama: kote huko hapana. Iachie nafasi ya kiganja kizima nyuma na pembeni.

Hatua ya 3. Iwashe bila gemu lolote, kaa nayo dakika 10 usikilize. Ikinguruma ukiwa kwenye menyu tu, ina vumbi au pesti (ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na chuma cha kupozea) imekauka. Ikiwa kimya kwenye menyu, ikanguruma ndani ya gemu lakini haizimi, hiyo ni feni inafanya kazi yake. Achana nayo, nenda kacheze.

Hatua ya 4. Vumbi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu.

Mwaka 2019 nilikuwa na mashine mbili zinanguruma. Nikajifanya mjanja, nikazibeba mpaka kwa fundi pancha, nikamwambia azipulize na upepo wa kujazia matairi. Vumbi lilitoka wingu zima na mimi nikafurahi kweli. Feni zilizunguka zikalia kama pikipiki. Kesho yake mashine ya kwanza inakwaruza kama kinu cha kusaga, ya pili haiwaki kabisa. Nilipoifungua hiyo ya pili nikakuta matone ya maji kwenye bodi. Ule mtungi wa upepo hukusanya maji chini, na ukifungua presha yanatoka na hewa. Ile ya kwanza, feni ilizungushwa kupita uwezo wa beringi zake. Na kuna la tatu ambalo nililijua baadaye: feni ikizungushwa na upepo inageuka dainamo, inarudisha umeme kwenye bodi. Nilipoteza mashine moja na feni moja kwa sababu ya uvivu wa nusu saa.

Njia yenyewe kwa PS4 nene ni hii. Nyuma kuna skrubu nne za nyota yenye tundu katikati, nyingine zimejificha chini ya stika. Tafuta bisibisi yake, T9 ya tundu. Usizilazimishe kwa kisu. Geuza mashine kichwa chini, inua kifuniko. Utaona feni upande mmoja na pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme) upande wa pili. Wengi wanaishia hapo, wanapiga brashi feni, wanafunga, halafu wanakuja kusema "nilisafisha mwenyewe". Vumbi lenyewe haliko kwenye feni. Liko pale feni inapopuliza kuelekea mapezi ya chuma ya kupozea chipu, limelala kama blanketi, na hulioni mpaka utoe pawasaplai. Fungua skrubu zake, chomoa ule waya mdogo kwa kushika plagi (ukivuta nyaya utang'oa na soketi), kisha inua pawasaplai wima, moja kwa moja, kwa sababu imechomekwa kwenye pini za bodi. Ukiipindisha unavunja.

Shika pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, na pampu ya mpira ya mkono. Basi.

Onyo: pawasaplai yenyewe USIIFUNGUE. Kapasita za ndani zinabaki na chaji hata ikiwa imechomolewa. Isafishe kwa nje tu, kupitia matundu.

Hatua ya 5. Pesti. Kama umetoa vumbi na bado inanguruma kwenye menyu, pesti ya kati ya chipu na chuma imekauka. Unatoa bodi nzima, unafuta ya zamani kwa spiriti, unaweka tone dogo jipya. Kama hujawahi, mpe fundi. Wenye PS5, hii hatua haiwahusu: mle kuna metali ya maji, inapitisha umeme, ikidondoka kwenye bodi umeagana nayo. Nyie vueni vifuniko vya pembeni, vinatoka bila bisibisi, kuna matundu mawili ya kunyonyea vumbi. Mwisho hapo.

Hatua ya 6. Umeme. Kwa takwimu za benchi langu, unaorudi kwa kishindo umeua mashine nyingi kuliko magemu yote. Umeme ukikatika, chomoa. Na usiilaze usiku. Umeme ukikata ikiwa imelala, data zinaweza kuharibika.

Hatua ya 7. Gemu likikutupa nje na namba CE-34878-0, hilo ni programu kuanguka, siyo kuungua. Zima, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha pedi kwa waya, chagua namba 5. Inapanga upya orodha ya vilivyomo. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu. Nimeshasema.

Karibuni kwa maswali, ila someni kwanza.

---

Chalii_wa_Sakina: Mkuu PS4 yangu inazima, itakuwa gemu gani limeiharibu?

Mleta mada: Hatua ya 3 umefanya?

Chalii_wa_Sakina: Sijasoma yote aisee, ndefu.

Mleta mada: Basi nenda ukasome.

Binti_Kilosa: Kaka, asante kwa somo. Nina kitu kinanishangaza. Yangu inanguruma zaidi nikifungua ramani ya gemu la Horizon Zero Dawn kuliko nikiwa napigana. Ramani ina nini cha kuchosha mashine?

Mleta mada: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Uzito kwa macho na joto la chipu ni vitu viwili. Kwenye vita, chipu ina kazi nyingi za aina tofauti, na sehemu moja inasubiri nyingine imalize. Katika kusubiri inapumua. Ramani ni picha rahisi, hakuna wa kumsubiri, kwa hiyo kila kona ya chipu inafanya kazi bila pengo. Umeme unaoingia unakuwa mwingi, na joto hivyohivyo. Mark Cerny, aliyebuni PS4 na PS5, aliitaja ramani hiyohiyo Machi 2020 alipoielezea PS5. Kwenye PS4 walipanga kasi isiyobadilika, halafu wakakisia gemu baya kuliko yote litakula umeme kiasi gani, na feni na pawasaplai zikatengenezwa kwa makisio hayo. Gemu likiyapita, unasikia kelele. Kwenye PS5 waligeuza: kiasi cha umeme ndicho kina kikomo, kasi ndiyo inapanda na kushuka, mwisho 2.23 GHz kwa upande wa picha. Ukiona PS5 ni tulivu, siri kubwa ni hiyo.

Binti_Kilosa: Kwa hiyo nikiiacha kwenye ramani nikaenda kula?

Mleta mada: Haitakufa. Ila rudi kwenye menyu ya mashine, utaokoa umeme na masikio ya majirani.

Mzee_wa_360: Usitudanganye bwana. Xbox 360 zilikufa kama kuku wa kideri, taa nyekundu tatu, na zilikuwa zinafia kwenye magemu.

Mleta mada: Sidanganyi mtu. 360 ilitoka 2005, na 2007 Microsoft wakaongeza dhamana ya taa nyekundu mpaka miaka mitatu, wakatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo. Unadhani kampuni inatoa hela hiyo kwa kosa la gemu la mtu mwingine? Kilichovunjika ni viungio ndani ya chipu ya picha. Chipu ikipata moto inatanuka, ukizima inasinyaa, tanuka sinyaa, tanuka sinyaa, mpaka kiungio kinapasuka kama waya unaoukunja na kuukunjua. Ungecheza karata humo kila siku, ukawasha na kuzima, ingefika hukohuko.

Mzee_wa_360: Na gemu la New World je? 2021, zile kadi za picha za RTX 3090 zilizokufa kwenye menyu?

Mleta mada: Hapo umenipata kidogo, nakubali. Ila hizo ni kadi za kompyuta. Menyu haikuwa na kikomo cha fremu, kadi ikachora mamia ya picha kwa sekunde bila sababu, na kwa zilizokufa za EVGA, watengenezaji wenyewe walisema lehemu yake ilikuwa mbovu. Amazon, wenye gemu, wakaweka kikomo. Gemu la StarCraft II lilileta kesi kama hiyo 2010, menyu vilevile. Kwa hiyo nirekebishe: gemu lililoandikwa ovyo linaweza kuufichua ubovu wa kiwandani mapema. Ubovu lakini ulikuwepo.

Mzee_wa_360: Hapo sawa.

Fundi_njaa: Mimi fundi wangu anataka aichome chipu kwa hita, anasema viungio vitajishika upya. Elfu 60.

Mleta mada: Itawaka wiki mbili, ikijitahidi mwezi. Anakuuzia mwezi mmoja kwa elfu 60. Kataa.

Kijana_wa_Kisauni: Hamjambo. Mie niko Mombasa, mashine yangu iko dirishani, bahari naiona pale. Nimeifungua nimekuta skrubu na kile chuma cha ndani vimeshika kutu. Vumbi hakuna. Hii nayo ni joto?

Mleta mada: Hatujambo kaka. Hiyo ni chumvi. Upepo wa bahari unaiacha ndani, chumvi inavuta unyevu, unyevu unaleta kutu. Iondoe dirishani. Usiiache miezi bila kuiwasha, joto lake lenyewe linafukuza unyevu. Skrubu zilizoshika kutu badilisha leo, mwakani hazitafunguka. Na asikudanganye mtu upulize mafuta ya kulainisha mle ndani.

Kijana_wa_Kisauni: Shukran sana, nilikuwa nimeshanunua hayo mafuta.

Mleta mada: Yapeleke kwenye bawaba za mlango.

Mama_Junia: Samahani, nataka kumnunulia mwanangu PS4 ya mtumba. Muuzaji anasema ilikuwa inachezewa mpira tu, haijawahi kuwekewa magemu mazito. Ni sifa hiyo?

Mleta mada: Shikamoo mama. Hiyo siyo sifa. Mpira wa kibandani unachezwa karibu masaa kumi na mbili kwa siku, mimi nazijua. Nenda na diski yako nzito kuliko zote, mwambie uicheze pale kwake dakika 40. Sikiliza feni. Toa diski na uirudishe mara tatu. Angalia nyuma kama stika za skrubu zipo au zimetobolewa. Zikitobolewa muulize nani alifungua na kwa nini. Akikataa dakika 40, ondoka.

Mama_Junia: Marahaba mwanangu. Nitamwambia.

Chalii_wa_Sakina: Nimesoma mkuu. Inanguruma kwenye menyu. Nimefungua mpaka pawasaplai, nimekuta blanketi kweli. Na mende, kama kumi na tano.

Mleta mada: Heko. Mende wanapenda joto la pawasaplai, kila mashine ya kibandani nimewakuta. Mayai umeyaona?

Chalii_wa_Sakina: Yapo, yamebandikwa kwenye kona. Nipulize dawa?

Mleta mada: Usipulize kitu chochote ndani. Ile dawa ina mafuta, vumbi la mwezi ujao litagandia hapo. Toa mayai kwa kijiti kikavu. Waliojificha ndani ya pawasaplai, ifunge kwenye mfuko wa nailoni na dawa ya chenga pembeni ya mfuko, siyo juu ya kifaa, siku mbili. Halafu hamisha meza, safisha nyuma yake, weka dawa huko ukutani.

Fridge_guard_fc: Nje ya mada kidogo: ile fridge guard ya friji inafaa kwa PS?

Mleta mada: Inafaa. Umeme ukirudi haipitishi mara moja, inasubiri dakika kadhaa, kile kishindo cha mwanzo kinapita. Mimi ninayo moja kwa mashine mbili. Isiwe ya buku tano tu.

Chalii_wa_Sakina: Mkuu nimefunga, imebaki skrubu moja mkononi.

Mleta mada: Ndefu au fupi?

Chalii_wa_Sakina: Ndefu.

Mleta mada: Ya pawasaplai. Chomoa ukutani, fungua tena.