Jinsi ya Kupima Ushuru wa Chuma na Alumini Ndani ya Bei ya Amplifaya na Spika

Marekani ilipopandisha ushuru wa chuma na alumini hadi asilimia 50, Juni 4, 2025 (Uingereza ikabakizwa kwenye 25), wanunuzi wengi wa vyombo vya muziki walidhani amplifaya ya dola 1,000 itafika 1,500. Hesabu haiendi hivyo. Ushuru hautozwi kwenye bei ya dukani. Anaulipa mwagizaji bandarini, kwenye thamani ya forodha (kwa kawaida bei aliyomlipa muuzaji wa nje), na kwa kanuni za 2025 bidhaa nyingi zilizokamilika zililipa kwa ile sehemu ya chuma au alumini iliyomo ndani tu. Ukiwa na namba tatu, yaani thamani ya forodha, thamani ya metali, na mara ngapi bei inakua kutoka bandarini hadi dukani, utajua kama ongezeko unalotajiwa lina msingi.

Kabla ya hesabu yoyote, tafuta msimbo, yaani namba ambayo forodha huitumia kutambua aina ya bidhaa. Spika, amplifaya, maikrofoni na hedifoni ziko kwenye 8518, resiva zenye redio 8527, mashine za santuri na za CD 8519, transfoma 8504, nyaya 8544, stendi na raki za chuma 9403. Kisha fungua sura ya 99 ya kitabu cha ushuru cha Marekani uone kama msimbo wako, kwa tarakimu zake zote, umo kwenye orodha ya bidhaa zitokanazo na chuma au alumini. Usitegemee orodha uliyohifadhi mwaka jana: Agosti 18, 2025 pekee iliongezwa misimbo 407 kwa mpigo. Kama msimbo haumo, ushuru wa metali kwenye chombo kizima ni sifuri, hata kama kimejaa alumini tupu.

Sasa metali. Uzito kwenye karatasi ya sifa ni mwanzo tu, nao hudanganya. Spika ya kilo 20 inaweza kuwa na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) kilo 14, na sumaku za ferayiti, ambazo ni kauri, si chuma. Chuma chake ni fremu ya spika ikiwa ni ya bati, bamba na nguzo zinazobana sumaku, na skrubu. Fremu ya kumiminwa kwa kawaida ni alumini. Hedifoni na spika ndogo za bluetooth zina gramu chache, hazifai kupotezea muda. Amplifaya ya klasi AB, ile ya kawaida inayotoa joto jingi, ndiyo yenye mzigo: hitisinki (mapezi ya kupooza joto) za alumini, kasha la bati, na transfoma ya duara ambayo kwa VA 500, kipimo cha uwezo wake wa umeme, hukaribia kilo 4, sehemu kubwa ikiwa chuma cha silikoni na inayobaki waya wa shaba.

Tuchukue mfano wa amplifaya ya wati 100 kwa kila upande, imeundwa Vietnam, bei ya duka dola 1,000, thamani ya forodha 280, na msimbo wake umo kwenye orodha. Bei za kilo hapa ni za makadirio:

Alumini ya hitisinki na uso wa mbele: kilo 3 kwa dola 5 = 15
Bati la kasha: kilo 4 kwa dola 1.50 = 6
Kiini cha transfoma: kilo 3 kwa dola 3 = 9

Jumla dola 30, ushuru wake kwa kanuni za 2025 ni 15. Shaba ya transfoma haimo: ushuru wa shaba wa asilimia 50 ulioanza Agosti 1, 2025 ulishika bidhaa zilizosindikwa nusu, kama waya, mabomba na bamba, pamoja na bidhaa zenye shaba nyingi zilizotajwa kwa msimbo. Shaba iliyosafishwa lakini haijaundwa kitu (katodi) haikuguswa.

Dola 250 zinazobaki ndizo zililipa ushuru wa nchi, yaani ule unaotegemea chombo kimetoka wapi. Kiwango cha Vietnam kuanzia Agosti 7, 2025 kilikuwa asilimia 20, yaani dola 50. Kwa hiyo metali inayopigiwa kelele imeleta 15, na ushuru wa nchi, ambao hubadilika kwa amri na kwa kesi mahakamani, umeleta zaidi ya mara tatu ya hapo. Atakayekuambia bei imepanda "kwa sababu ya alumini" muulize chombo kimetoka nchi gani.

Namba ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Kutoka 280 hadi 1,000 ni mara 3.57. Mwagizaji, msambazaji na mwenye duka wakishikilia faida zao kwa asilimia, kila dola ya bandarini inakuwa dola 3.57 dukani: 15 za metali zinafika karibu 54. Wakikubali kupitisha dola kwa dola, zinabaki 15. Ukweli huwa katikati, halafu bei inasukumwa hadi ngazi inayopendeza macho, 1,049 au 1,099. Ongezeko la zaidi ya 54 kwa mfano huu halitokani na metali.

Isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni la makaratasi. Kwa kanuni hizo za 2025, mwagizaji asiyeweza kuonyesha thamani ya metali alitozwa asilimia 50 kwenye thamani yote ya chombo. Kwa mfano wetu hiyo ni dola 140 badala ya jumla ya 65. Kampuni ndogo zinazonunua kasha kwa fundi mmoja na transfoma kwa mwingine ndizo ziliumia hapa, kwa sababu zilihitaji ankara ya aliyeuza metali kwa kiwanda, na kwa alumini pia nchi ilikoyeyushwa na ilikomiminwa. Kuanzia Juni 28, 2025, aliyeacha nchi hizo bila kujulikana aliweza kuangukia kiwango cha alumini ya Urusi, asilimia 200. Kama wewe ndiye unayeagiza, dai karatasi hizi kabla ya kulipa amana. Mzigo ukishapakiwa melini muuzaji hana haraka tena.

Stendi na raki zina hesabu tofauti kabisa. Hazina elektroniki za kugawana thamani, kwa hiyo karibu kila dola ya forodha ni chuma. Kwa kanuni za 2025, jozi ya stendi yenye thamani ya forodha 50 iliweza kulipa 20 na kitu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa makasha matupu ya alumini wanayoagiza mafundi wa nyumbani: bodi (saketi ya amplifaya) ililipa kidogo, kasha lililipa nusu ya bei yake, na ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa kwa China Mei 2, 2025 na kwa nchi zote Agosti 29. Agiza bodi peke yake, kasha litafute mtumba: ng'oa la amplifaya mbovu, hitisinki zake hazizeeki.

Kununua kilichoundwa Marekani hakukwepeshi. Mchuuzi wa alumini wa ndani hupandisha bei hadi karibu na ile ya alumini iliyolipiwa ushuru, maana hana sababu ya kuuza chini ya mshindani wake.

Kabla ya kulipia toleo jipya la modeli unayoijua, linganisha uzito na la zamani. Likiwa limepungua kilo mbili tatu na bei ni ileile, ushuru umelipwa kwa njia nyingine: transfoma imetoka, imewekwa pawa saplai ya swichi (nyepesi, isiyohitaji transfoma kubwa), au hitisinki zimepunguzwa. Pawa saplai nzuri si dhambi. Hitisinki ndogo kwa wati zilezile ndizo zitakazokuzimia amplifaya katikati ya sherehe.

Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa, mzigo unaotoka China moja kwa moja haugusi ushuru huu. Kilichoingizwa Marekani kwanza na kulipiwa forodha huko kinao, kwa sababu kwa kanuni za 2025 ushuru huu wa metali haukurudishwa bidhaa iliposafirishwa nje tena. Umo ndani ya ankara, na forodha yetu hukokotoa ushuru wake kwenye thamani hiyo pamoja na bima na nauli, kisha VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya juu yake. Kwa chapa ya Kimarekani inayoundwa Asia, omba msambazaji akuletee kutoka kiwandani, na hakikisha voltiji ni 230 kabla ya kukubali.