Siku ya kwanza kliniki ya uzazi wa mpango

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, si lazima uanzie kwa daktari bingwa. Zahanati au kituo cha afya cha serikali mtaani kwako kinatosha, na huduma yenyewe ni bure. Nenda asubuhi, uulize mapokezi chumba cha uzazi wa mpango kiko wapi. Hospitali za Amana, Mwananyamala na Temeke jijini Dar es Salaam nako wanahudumia, lakini palipo karibu ndipo utakaporudi bila kuchoka.

Kabla hujapanda daladala, andika kwenye simu tarehe hedhi yako ya mwisho ilipoanza. Nesi lazima ajiridhishe kwamba huna mimba. Ukiwa ndani ya siku 7 za mwanzo wa hedhi, kazi ni nyepesi. Zikishapita, atakuuliza maswali mengine au akupime mkojo. Ukiambiwa tu "rudi ukiwa kwenye siku zako", omba kipimo, na usiondoke bila kondomu. Wengi hupata mimba katika wiki hizo za kusubiri.

Taja dawa zote unazotumia, hata kama unaona aibu. Rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa na baadhi ya ARV (dawa za VVU) hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya mkononi. Sema pia kama unanyonyesha, unavuta sigara, umewahi kuganda damu mguuni, au kichwa hukuuma huku ukiona vimulimuli. Presha utapimwa, keti kwanza dakika 5 upumue, maana ukifika umetoka kukimbilia gari itasoma juu, na kwa presha ya juu vidonge vya majira vyenye homoni mbili havifai. Kupimwa ukeni ni kwa anayetaka kitanzi, kile kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Vidonge, sindano na vijiti havihitaji.

Kijiti huwekwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono usioutumia sana, baada ya sindano ya ganzi. Kidonda kisilowe kwa siku 4. Kuna cha miaka 3 na cha miaka 5. Kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi. Sindano ya kuzuia mimba ni ya miezi 3, ila anayetaka mtoto karibuni ajue kuwa baada ya kuiacha uzazi huweza kuchelewa miezi kadhaa.

Kinachowafanya wengi waache njia ni damu: matone ya kila mara, au hedhi kukatika kabisa. Kwa sindano na vijiti hilo ni la kawaida, wala damu haijarundikana tumboni. Muulize nesi kabla hujanyanyuka: nitarajie nini, nitumie kondomu siku ngapi mwanzoni (mara nyingi ni 7), na nikibadili mawazo nani atanitoa kijiti au kitanzi? Kisha soma tarehe ya kurudi kwenye kadi yako ukiwa bado mbele yake. Kama mwandiko hausomeki, akuandikie upya.