Maonyesho yameisha, sasa washukuruni watu vizuri

Mkiwa mmefanya maonyesho ya pamoja, wachongaji wa Newala, wasusi wa mikeka wa Lindi, wachoraji wa Mtwara mjini na wenzetu wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, jueni shukrani haisubiri siku ya kufunga. Nunueni daftari siku ile mtu wa kwanza anapokubali kutoa kitu. Na msiandike tu "alisaidia usafiri", andikeni alibeba vinyago toka Kitangari usiku na mvua inanyesha, maana hicho ndo mtamtajia mbele za watu na atajua kweli mlimuona.

Kabla ya asante, lipeni. Kazi ya mtu imeuzwa, mpeni hela yake na karatasi ya bei iliyouzwa, halafu ndo cheti kifuate. Cheti kikitangulia hela kinaumiza sana jamani.

Majina sasa, hapa msiwe na haraka. Vinyago vyetu vimeuzwa miaka na miaka vimeandikwa "Makonde" basi, aliyechonga hajulikani, wakati George Lilanga, mchongaji na mchoraji wa Kimakonde, dunia inamjua kwa jina lake. Kila mmoja muulizeni anataka aitweje, wengine mtaani wana jina moja na kwenye kitambulisho lingine, kisha MC ayasome kwa sauti mara mbili tatu kabla ya shughuli.

Mpingo, mti wa kuchongea vinyago, unachukua miaka 70 na zaidi kukomaa, kwa hiyo kama mti umetoka msitu wa kijiji, tuseme huko Kilwa, serikali ya kijiji iandikieni barua na muombe mwenyekiti aisome kwenye mkutano, wale wametunza kitu ambacho babu zao walikiacha. Mkionyesha mapiko, yaani vinyago vya kuvaa usoni kwenye ngoma za Wamakonde, waulizeni kwanza wazee nini kinasemwa hadharani na nini hakisemwi, wengine watataka mwende nyumbani mkae nao tu, nendeni.

Siku ya kufunga orodha isomwe kabla mgeni rasmi hajaongea, akishaongea watu wanaondoka. Wadhamini wana bango lao tayari, anzeni na mama ntilie, mlinzi, fundi umeme na vijana waliopanga viti. "Na wengine wote" mimi naikataa kabisa.

Ikiwa msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, msishangae mtu hajaja, yupo shamba au mnadani. Mpigieni jioni, au mtumieni meseji ya kwake peke yake, siyo ile ya kufowadi kwa grupu zima:

"Shikamoo mzee. Sisi wa maonyesho. Kile kinyago chako cha bibi na mtungi watu walikizunguka siku zote, kimenunuliwa, hela tumetuma mchana huu, naomba utuambie kama imefika. Asante kwa kutuamini na kazi yako."

Picha msafishe za karatasi, mtu akiwa pembeni ya kazi yake, maana wazee wengi wana kitochi na picha za wasapu hawazioni. Bahasha iandikwe jina, apewe mtu anayekwenda kijijini kwao.