Shika springi, usikie beringi

Gari la zamani likianza kuunguruma gurudumuni na mlio ukapanda kadiri mwendo unavyoongezeka, usinunue beringi (kifaa chenye gololi za chuma kinachowezesha gurudumu kuzunguka) kabla hujajaribu hivi. Weka kabari magurudumu mengine, inua lenye mashaka kwa jeki, weka stendi, toa gia. Lizungushe kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili viguse springi ya shokomzoba kwa nje (usiviingize katikati ya mizunguko yake). Beringi nzima, springi inatulia. Iliyochoka utaihisi vidoleni kama mchanga unaosagwa taratibu, hata kama masikio yanapata tu mkwaruzo wa pedi za breki. Gololi zinapopita juu ya chuma kilicholika hutoa mtikisiko mdogo, na springi huubeba hadi mkononi. Kisha fanya upande wa pili ulinganishe. Bila kulinganisha ni rahisi sana kujidanganya.

Njia hii hushindwa pale tairi lililolika kwa mawimbi ndilo linalounguruma, maana mlio wake unafanana mno na wa beringi. Hamisha matairi ya mbele nyuma: mlio ukihama nayo, beringi haina kosa. Pia beringi inayoanza tu kuharibika huweza kunyamaza ikiwa hewani na kulia ikibeba uzito. Hapo sikiliza barabarani, kwenye kona ndefu: mlio ukizidi ukikata kushoto, anza kukagua upande wa kulia.