Anzia nyuma: namna ya kusoma mkataba wa biashara wa kikanda kabla hujapakia mzigo

Mtu akiniletea mkataba wa biashara wa kikanda na kuniuliza kama mzigo wake utaingia bila ushuru, huwa naufungua kwa nyuma. Dibaji na ibara za mwanzo ni za viongozi na picha ya pamoja. Mzigo huamuliwa kwenye viambatisho.

Kazi yangu ni kuandaa karatasi za uasili wa bidhaa, yaani za kuthibitisha bidhaa imezalishwa wapi, kwa wanaouza nje, na somo hili nililipata kwa aibu. Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa akishona mashati na kuyauza nchi jirani, nchi zote mbili zikiwa wanachama wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Nikaangalia jedwali la ushuru, nikaona sifuri, nikamwambia apakie. Mpakani ofisa wa forodha alichomoa shati moja kwenye katoni, akageuza kola, akasoma kilebo, akauliza: "Kitambaa kimefumwa wapi?" Kilikuwa kimeagizwa kutoka Asia. Kanuni za SADC zinataka nguo ipite hatua mbili ndani ya kanda: uzi ufumwe kuwa kitambaa, kisha kitambaa kishonwe. Kushona peke yake hakutoshi. Mteja alilipa ushuru kamili, na kosa lilikuwa langu mimi niliyesoma jedwali nikaacha kiambatisho cha pembeni yake.

Basi fuata njia hii.

Kwanza hakikisha mkataba unafanya kazi, maana kusainiwa si kuanza. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika ulisainiwa Kigali tarehe 21 Machi 2018, ukaanza kuwa na nguvu ya kisheria 30 Mei 2019 baada ya nchi 22 kuuridhia, biashara ikatangazwa kuanza 1 Januari 2021, na mpango wa majaribio wa kusafirisha bidhaa halisi ukazinduliwa Oktoba 2022. Ule wa utatu unaounganisha COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC ulisainiwa Juni 2015 na kuanza kutumika Julai 2024. Miaka tisa! Kwa hiyo uliza maswali matatu: nchi ninakotoka imeridhia? Ninakopeleka imeridhia? Na huko ninakopeleka, viwango vipya vya ushuru vimetangazwa kwenye gazeti la serikali? Ofisa wa mpakani hutekeleza sheria ya nchi yake. Hotuba ya mkutano wa wakuu wa nchi haimhusu.

Halafu jua ni muungano wa aina gani. Katika eneo huru la biashara, kila nchi hubaki na ushuru wake kwa bidhaa za nje ya kanda. Bila kanuni za uasili, bidhaa za mbali zingeingilia kwa mwanachama mwenye ushuru mdogo kuliko wote, kisha zikasambaa kanda nzima. Ndiyo sababu ya ofisa kusoma kilebo. Umoja wa forodha una ushuru mmoja kwa watu wa nje, na kwa nadharia swali la uasili lingepaswa kufifia. Kwa vitendo halifi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 1 Januari 2005, na tangu Julai 2022 ushuru wake wa pamoja una madaraja manne, la juu likiwa asilimia 35. Hata hivyo kila mwaka wa bajeti nchi moja moja huomba na kupewa ruhusa ya kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa fulani. Cheti cha uasili bado kinadaiwa.

Sasa tafuta namba ya HS ya bidhaa yako, yaani namba yake katika mfumo wa kimataifa ambao forodha hutumia kupanga bidhaa. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile karibu dunia nzima; zinazofuata kila nchi au kanda hujipangia. Usiikopi kwenye ankara ya mtu mwingine, na ujue kuwa mfumo huu hurekebishwa kila baada ya miaka michache, toleo la karibuni likiwa la 2022, ilhali jedwali la mkataba linaweza kuwa limeandikwa kwa toleo la zamani.

Ukiwa na namba, nenda kwenye jedwali, na usiamini neno "huria" mpaka uone mstari wako. Mikataba baina ya nchi zinazoendelea ina ruhusa ya kuwa na matundu: uamuzi wa GATT, mkataba wa dunia wa ushuru na biashara, wa tarehe 28 Novemba 1979 uliziachia kupunguziana ushuru bila kulazimika kugusa karibu biashara yote, sharti ambalo Ibara ya XXIV ya mkataba huo inaliweka kwa wengine. Kwenye mkataba wa Afrika, asilimia 90 ya mistari ya ushuru inashuka katika miaka mitano, au kumi kwa nchi maskini zaidi. Asilimia 7 ni bidhaa nyeti zinazopewa muda mrefu zaidi. Asilimia 3 haziguswi. Mercosur, jumuiya ya biashara ya Amerika Kusini, ilianzishwa 1991 na hadi leo sukari iko nje ya biashara huria yake. Mimi siwalaumu sana wanaoandika orodha hizi. Serikali isiyoweza kumfikia kila mlipa kodi huona mpaka kama mahali rahisi pa kukusanya fedha, na kuachia ushuru ni kuachia mshahara wa mwalimu. Lakini kwako wewe asilimia 3 ni ndogo tu mpaka bidhaa yako iwe ndani yake.

Hapo ndipo unafika kwenye kanuni za uasili, na hapa kaa chini kabisa. Bidhaa iliyozalishwa yote ndani ya kanda, kama madini au mazao, haina mgogoro. Iliyochanganywa na malighafi ya nje hupimwa kwa njia tatu: thamani iliyoongezwa, kubadilika kwa namba ya HS, au hatua maalumu ya kiwandani kama ile ya nguo. Chukua kipimo cha ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Toa thamani ya malighafi ya nje kwenye bei ya bidhaa ikiwa imeshapakiwa melini. Kinachobaki kifike asilimia 40. Bidhaa ni 100, malighafi ya nje ni 57, inabaki 43: umepita. Sasa malighafi ipande hadi 63 nawe usipandishe bei yako. Inabaki 37, umeanguka, na hakuna ulichobadilisha kiwandani. Bahati nzuri, kwa bidhaa nyingi ASEAN inaruhusu njia mbadala: kama malighafi iliingia chini ya tarakimu nne fulani za HS na bidhaa ikatoka chini ya tarakimu nne nyingine, inahesabika. Piga hesabu zote mbili, na urudie kila bei ya malighafi inapotikisika.

Soma pia kifungu cha kujumlisha uasili. Malighafi kutoka kwa mwanachama mwenzako mara nyingi huhesabiwa kama yako. Watu wengi hawakitumii, wanajikondesha bure.

Nchi yako ikiwa katika jumuiya mbili, linganisha. Zambia imo COMESA na SADC. Kenya imo COMESA na Afrika Mashariki. Bidhaa inayokwama upande mmoja inaweza kupita upande wa pili, mradi unakopeleka nako ni mwanachama. Cheti lazima kiwe cha mkataba unaoudai.

Njia ya mzigo nayo ina sheria zake. Ukipitia nchi isiyo mwanachama, mzigo ubaki chini ya uangalizi wa forodha, usifunguliwe na kupakiwa upya kwa biashara. Tunza hati ya usafirishaji inayoonyesha safari nzima.

Mfanyabiashara mdogo asikate tamaa kwa karatasi hizi. Afrika Mashariki ina cheti rahisi kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Ila cheti hicho hakifuti ukaguzi wa ubora wala wa afya ya mimea.

Kabla ya kupakia kuna barua moja ya kuandika. Mkataba wa uwezeshaji wa biashara wa WTO (Shirika la Biashara Duniani), unaotumika tangu 22 Februari 2017, unazitaka forodha kutoa uamuzi wa awali kuhusu namba ya HS na uasili, ingawa baadhi ya nchi zinazoendelea zilijipa muda zaidi. Eleza bidhaa, taja kila malighafi na ilikotoka, ambatanisha sampuli. Yule mteja wa mashati tulimwandikia baadaye, safari hii na kipande cha kitambaa kipya kilichofumwa ndani ya kanda, kimebanwa kwenye kona ya barua. Jibu lilipokuja lilikuwa na namba ya HS na neno moja la maana, "inakubalika". Nakala yake ndiyo aliyoibandika juu ya katoni ya kwanza.