Somo: Lubugo na sari ndani ya picha moja, Jinja

Wengi mmeniuliza zile picha nilizipigaje, za dada aliyevaa lubugo na sari mjini Jinja, Uganda. Nilikuwa na vitambaa viwili visivyopatana, jua la asubuhi, na aibu moja nitakayoisimulia hapa chini.

Hatua ya 1: Vitambaa
Lubugo ni gome la ndani la mti wa mutuba. Huvunwa msimu wa mvua, likagongwa kwa nyundo za mbao mpaka likalainika na kutanuka. Rangi yake ni ya udongo uliochomwa, na linameza mwanga. Sari ya hariri, yenye mita 5 na ushei, inaurudisha mwanga wote. Ugomvi huo ndio picha yenyewe, kwa hiyo mkuki, ngoma na shanga viache nyumbani. Sari iwe ya rangi moja, kijani au samawati. Ya machungwa itapotelea ndani ya lubugo.

Hatua ya 2: Kuvika
Hapa ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza nilimviringishia dada yule lubugo kuanzia kichwani hadi miguuni, nikajiona nimebuni kitu. Mama mmoja mpita njia akasimama, akatutazama, akaniuliza kwa Luganda: huyo mnamzika saa ngapi? Lubugo huvaliwa Kabaka, mfalme wa Buganda, anapotawazwa, na lubugo hilohilo huwasitiri marehemu kaburini. Kinachotofautisha ni namna ya kulifunga.

Tangu siku hiyo nafunga kama wenyewe: begani, na mwanamke anaongezewa mshipi kiunoni. Sari niliipa kazi ya huo mshipi. Ikunje kwa urefu, izungushe kiunoni, upindo wake uuache ushuke hadi chini. Vitambaa vikutane hapo tu. Na asikwambie mtu ni mchanganyiko wa ajabu: hata gomesi, gauni la heshima la bibi zetu, ina jina la fundi Mgoa, mtu wa asili ya Goa, India.

Hatua ya 3: Mahali na saa
Barabara Kuu ya Jinja bado ina maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, kabla ya Rais Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972. Baraza zake zinatoa kivuli chepesi, na kuta zilizochujuka hazishindani na nguo. Omba ruhusa ya mwenye duka kwanza. Anza saa moja asubuhi, umalize kabla ya saa tatu. Ikweta iko karibu; ukichelewa jua linapanda utosini na macho ya mtu yanageuka mashimo.

Hatua ya 4: Kamera
Pima mwanga usoni. Ukipima kwenye sari, kamera itadanganyika na lubugo litatoka jeusi. Mwanga uje kwa ubavuni ili alama za nyundo zionekane. Upande wa pili shikilia kadibodi nyeupe.

MASWALI YA WANACHAMA (na miji wanakotoka)

Mbale: Mimi nina simu tu.
Jibu: Inatosha. Gusa uso kwenye kioo, shusha mwangaza kidogo, na uzime ule urembo wa kulainisha ngozi. Unafuta nyuzi zote za gome.

Masaka: Lubugo likinyeshewa?
Jibu: Usilikamue, litapasuka. Litandaze likauke.

Arua: Nimeona lubugo jeusi, naweza kulitumia?
Jibu: Jeupe na jeusi yalikuwa ya wafalme na machifu. Mimi sijathubutu. Ongea na wazee kabla hujalipa.

Tororo: Sari kufanywa mshipi, wenyewe hawakuudhika?
Jibu: Niliogopa hilo pia, nikamuuliza mama wa Kihindi aliyeniazima sari hiyo. Alicheka, akakubali, akaja mwenyewe barazani kutazama. Mshipi haukumsumbua. Ila mikunjo yangu aliifumua mara tatu, ya nne akafunga yeye, na ndiyo mnayoiona kwenye picha.